Hodi Chini ya Mti wa Jitu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuliua jitu kwenye ukurasa wa tatu. Nilikuwa kijana mdogo, naandika hadithi ya miujiza kwa ajili ya vijana wenzangu wa Murara, mtaa wetu wa Goma, na niliamini kwamba kitabu kisichomwaga damu mapema kitawekwa chini mapema. Kwa hiyo msichana wangu, Isay, alifika chini ya mti mkubwa, akaliona jitu limekaa kwenye tawi linavuta tumbako, akachomoa panga na kulikata shingo. Niliandika jinsi damu ilivyoshuka kwenye mizizi. Sentensi hiyo ya damu niliifuta na kuiandika upya mpaka karatasi ikatoboka.

Kisha nikamsomea Masera.

Masera ndivyo tunavyowaita watawa wa kike huku Goma. Huyu alitoka Ufilipino, na kwa kuwa mtaani kwetu hapakuwa na mwingine wa huko, hakuhitaji jina la ziada. Sitasema alizaliwa wapi. Yeye mwenyewe alisema "kisiwani", na nilipotafuta kwenye ramani nikakuta visiwa vyao vimemwagika baharini kama punje za mchele, nikaacha kuuliza.

Hadithi niliyokuwa naandika ilitoka kinywani mwake. Kila Jumamosi mchana alikusanya vijana katika chumba cha parokia, wengi wao watoto wa familia zilizokimbia Rutshuru na Masisi, na akatusimulia viumbe vya kwao. Kulikuwa na bakunawa, nyoka wa baharini anayemeza miezi ya angani mmoja mmoja, mpaka watu wapige sufuria ufukweni kumtisha autapike ule wa mwisho. Kulikuwa na kiumbe chenye kichwa cha farasi kinachowapoteza wasafiri njia. Na kulikuwa na kapre, jitu la mtini, linaloonekana kwa moto wa tumbako yake tu. Mimi niliviweka vyote katika safari moja: Isay anabeba sufuria kutoka mlimani kwenda ufukweni, na njia inapita chini ya mti wa jitu.

Masera alisikiliza mpaka mwisho wa damu, sikio la kulia limeelekezwa kwangu.

"Bon," akasema. "Nani alimuambia apite?"

"Apite wapi, Masera?"

"Pale. Chini ya muti ya mutu."

"Haiko mutu. Ni jitu."

"Sawa, jitu. Iko na nyumba yake. Mutoto anaingia mu nyumba ya jitu na panga, kisha weye unasema jitu ndiyo mubaya."

Vijana wakacheka. Furaha, ambaye familia yake ilitoka Rutshuru na kupanga chumba nyuma ya kwetu, alicheka kuliko wote. "Mwandishi," akasema, maana ndivyo alivyoniita kwa kunikejeli, "hata kwetu kuna umuvumu, muti mukubwa, na hakuna mutu anaukataka ovyo." Nilirudi nyumbani nikiwa na homa. Sitanii. Mimi ni mtu anayeumwa tumbo kwa sababu ya nukta iliyowekwa vibaya, na niliacha shule kabla ya kufika darasa la kufundishwa nukta. Kiswahili cha kuandika nilikiokota redioni na katika vitabu vilivyokosa jalada. Mtu aliyejifunza hivyo haamini chochote alichokiandika, hata jina lake.

*

Masera alikuwa mfupi, mwenye sweta la kijivu na kandambili, na kandambili hizo zilitembea juu ya mawe makali ya volkano kama ziko kwenye sakafu ya kanisa. Wanawake wa soko walimkubali mapema kwa sababu moja: alionyesha vitu kwa midomo. Hakunyoosha kidole. Alisukuma midomo upande wa nyanya, na muuzaji akajua ni nyanya zipi. Sisi nasi tunafanya hivyo. "Huyu alizaliwa hapa, walimupeleka tu mbali," alisema Mama Kavira, rafiki ya mama yangu, anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, kwenye kona yetu.

Kiswahili chake chote kilitoka kwa wanawake hao. Alikiongea haraka, kwa lafudhi ya soko, na hakuweza kukisoma. Herufi zetu alizijua, lakini akiona neno kwenye karatasi alilitazama kama mtu aliyesahau sura ya jirani, mpaka mmoja wetu alitamke, ndipo akafurahi kulitambua: "Ah, njo huyu!"

Alikula wali asubuhi, mchana na jioni. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, aliwakaanga mpaka wakakauka akawamwagia siki na kitunguu saumu, na akawala na vichwa. Maharagi hakuyapenda kwa sababu yanachelewa kuiva. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba mwanamke huyu hakuwa kitu kimoja. Alitufundisha kungoja, na yeye mwenyewe alikula maharagi magumu. Aliviheshimu viumbe asivyoviona, lakini maongezi ya watu waliokaa mbele yake aliyaingilia katikati, akachukua karatasi mkononi mwangu kabla wino haujakauka na kumpa Furaha aisome kwa sauti. Kwenye karata aliiba. Tulimkamata, akasema, "Nilitaka kuona kama muko macho," na mchezo uliofuata akaiba tena.

Sentensi zangu nzuri hazikumgusa. Niliwahi kuandika kwamba mwezi uliobaki ulining'inia juu ya bahari kama chozi lililogoma kudondoka kwenye shavu la usiku wenye huzuni. Nilijivunia sana sentensi hiyo. Aliniomba niirudie. Nikairudia.

"Hii imevaa koti na tai," akasema. "Inaenda wapi?"

*

Jambo lililomletea maneno mtaani lilikuwa maji ya moto. Kila alipotaka kumwaga maji ya moto nje, ya kunyonyolea kuku au ya kuoshea sufuria, alisimama kwanza mlangoni na kusema kwa sauti ya chini: "Tabi-tabi po." Halafu akangoja kidogo. Halafu akamwaga, taratibu, upande mmoja. Alifanya vivyo hivyo kabla ya kukata tawi, au kupita kwenye majani marefu. Kwao ni namna ya kuwaambia wasioonekana: samahani, naomba njia.

Mama Kavira alivumilia kwa muda. Siku moja akashindwa. Nilikuwepo, nimetumwa makala.

"Masera, unasemaka na nani pale inje?"

"Na bale siwaonake."

"Wachawi?"

"Hapana, mama. Majirani."

Mama Kavira aliweka mfuko wa makala chini. Huku kwetu maneno ya namna hiyo hayachezewi, watu wamefukuzwa mtaani kwa machache zaidi. Habari zikafika kwa padri, na padri akamwita. Tulimngoja kwenye ngazi za parokia tukidhani atarudishwa kwao. Alitoka na uso uleule.

"Padri ananiuliza kama naaminia mapepo," akasema. "Nikamuambia, Padri, ukipiga hodi ku nyumba ya mutu, na hakuna mutu ndani, umefanya zambi?"

"Akasema nini?"

"Akasema nipunguze sauti."

Aliendelea, kwa sauti ya chini zaidi. Alipoulizwa na vijana kama kweli kuna mtu anayeungua na maji yale, jibu lake lilikuwa moja: "Ile ni adabu, haiko imani." Baada ya muda hata Mama Kavira, akimwaga majivu, nilimsikia akisema kitu chini ya pumzi. Nilipomtazama akaniambia niendelee na safari zangu.

*

Masikio ya Masera yalikuwa yanaondoka. La kushoto lilikuwa limekufa kabla hatujamfahamu, na la kulia lilianza kulifuata. Daktari alimwambia hakuna cha kufanya. Alitutangazia hivyo Jumamosi moja, kama mtu anayetangaza kwamba chumba kitapakwa rangi, kisha akanigeukia mimi.

"Weye. Kiswahili mimi nakijua na masikio. Na macho, hapana. Ile kitabu yako siwezi kuisoma, naweza kuisikia tu. Donc umalize mbele mulango haijafungwa."

Nilimwahidi. Nadhani hakuna ahadi iliyowahi kunitesa kama hiyo. Mtu mwingine angeandika haraka. Mimi niliandika polepole zaidi, maana sasa kila neno lingesikiwa mara moja tu, na sikio lililo karibu kufunga halistahili kupewa neno baya. Sikuvuka ukurasa wa tatu. Niliandika Isay akilihonga jitu, na hadithi ikageuka uongo mtupu. Niliandika jitu limelala. Niliandika jitu kuwa baba yake aliyepotea, na hiyo Furaha aliikataa kabla sijamaliza kuisoma: "Baba zetu waliopotea hawako juu ya miti." Hatimaye niliandika Isay akipiga hodi, kwa kuwa nilijua Masera anataka hodi. Lakini jitu likanyamaza, na mimi nikanyamaza nalo.

"Kama haijibu?" nilimuuliza.

"Angoje."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka ijibu."

"Na isipojibu kabisa?"

"Anapita pembeni. Lakini weye hujangoja hata kidogo, uko naniuliza tu."

*

Siku milio ya bunduki iliposhuka kutoka upande wa Kibati, kaskazini mwa mji, watu wa huko waliokimbia walikuwa wameshaingia mjini tangu alfajiri, na mtaa wetu nao ukaanza kuondoka. Ukikimbia huku unavaa nguo zako: suruali mbili, mashati matatu, ili mikono ibaki kwa ajili ya sufuria na watoto. Masera alitoka parokiani na sweta moja tu, lakini amelivaa ndani nje, mishono inaonekana, lebo inapepea shingoni.

"Masera, sweta umeigeuza," Furaha akamwambia.

"Najua. Njo vile hatutapotea."

Tulikumbuka kiumbe cha kichwa cha farasi. Kwao mtu akizungushwa na kiumbe hicho porini, anageuza shati lake, na njia inajionyesha. Furaha alimwambia kwamba barabara ya Sake ni moja, imenyooka, na watu wote wa Goma wako juu yake, atapotelea wapi mtu? Masera akasema, "Hata hivyo." Mbele ya chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, iliyopakiwa magodoro, Furaha alisimama, akavua shati lake la juu, akaligeuza, akalivaa. Mimi nikafuata. Mama yangu aligeuza kitenge chake alipokuwa anatembea.

Tulifika Lac Vert, nje kidogo ya mji, mvua ikiwa imeanza. Watu waliotutangulia walikuwa wameshaingia katika mashamba ya kando ya barabara, wanachimba mashimo ya vijiti, wanatandaza maturubai juu ya viazi na maharagi ya wenyewe. Siwalaumu. Nilikuwa tayari kuingia, mguu mmoja ulikuwa tayari ndani. Masera akanishika shati.

Alisimama kwenye ukingo wa shamba moja la maharagi akaita, "Hodi!" Hakuna aliyejibu. Tulikuwa sisi, mama yangu, familia ya Furaha na bibi yake anayebebwa mgongoni. Mvua ilitupiga. Mama akasema, kwa heshima lakini meno yakigongana, "Masera, tuingie tu. Wenyewe watatuelewa."

"Hodi," akaita tena.

Mwisho wa shamba alikuwa papa mmoja, baba mtu mzima mwenye jembe, amesimama anaangalia watu wanavyoingia kwake kutoka pande zote. Alikuja mpaka pale tulipokuwa. Alimtazama Masera, sweta lililogeuzwa, kandambili.

"Wote wameingia bila kusema kitu," akasema. "Weye unapiga hodi ku shamba?"

"Ni nyumba ya maharagi, papa."

Hakucheka. Alikuwa ameziba njia kwa jembe lake, akalisogeza upande. "Mupite hapa kando. Musikanyage mistari."

Tulilala kwenye ukingo huo hadi mji ulipotulia. Maharagi ya mistari ile yalikomaa. Kila mtu aliyekuwepo anaikumbuka siku hiyo kwa namna yake, na mimi naikumbuka hivi: nilikuwa nimelala chini ya turubai, mwenye jembe na mwenye hodi wako hatua chache kutoka kwangu, na nilikuwa najiuliza kama neno "linanyamaza" ni zuri kuliko "linakaa kimya".

*

Sisi tulirudi Murara. Familia ya Furaha ilibaki Lac Vert, kwa kuwa chumba walichopanga kilikuwa kimepata watu wengine. Chumba cha parokia kilijaa magodoro, Jumamosi zikafa. Wakubwa wa shirika la Masera wakamvusha mpaka wa nchi akajaribu tiba nyingine, na ikasemekana kutoka huko ataunganisha safari ya kwao moja kwa moja. Sikupata kumuaga. Niliviringisha kurasa zangu nikaziweka nyuma ya kabati. Nilijiambia kwamba mlango umefungwa, na nitakuwa mkweli: pamoja na huzuni nilisikia nafuu. Kitabu kisicho na msikilizaji hakiwezi kukosewa.

Muda mrefu baadaye, mama alinituma Lac Vert kumpelekea bibi ya Furaha unga wa mihogo. Nilifika kwenye ukingo wa shamba lile. Maturubai yalikuwa yamezidi kuwa mengi, lakini mistari ya maharagi ilikuwa palepale. Na ndani, kwenye kiti cha plastiki, amenipa mgongo, alikaa Masera.

Nilisema hodi. Nilisema kwa mazoea tu. Masera hakugeuka. Papa alikuwa mbali, ameinama. Nikasema tena, hakuna kilichotokea, na kwa kuwa shamba lilikuwa lile na mwanamke alikuwa yule, sikuthubutu kuingia. Nikasimama. Furushi la unga likawa zito, nikaliweka chini na kulikalia. Upepo wa ziwa ukapita juu ya majani. Nilikaa pale bila kufikiria neno lolote, jambo ambalo kwangu ni nadra. Kisha papa akainua kichwa, akaniona, akasogeza jembe lake pembeni.

Nilipita kando, bila kukanyaga mistari.

Masera alishtuka kuniona, akanipiga bega. Alikuwa amerudi kuwaaga watu, kesho yake anavuka mpaka, na safari hii hakuna kurudi. Alielekeza midomo kwenye sikio la kulia. "Hii imebaki kidogo sana," akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Ulete mudomo karibu. Jitu iko wapi?"

"Iko hai."

"Nini?"

"Iko hai!"

"Ah. Soma."

Sikuwa na kurasa. Nilianza kwa kichwa, na nilianza na mwezi wangu. "Mwezi uliobaki ulining'inia juu ya bahari kama chozi lililogoma..."

"Nini?"

"Mwezi uliobaki, kama chozi..."

"Sisikii."

"Mwezi mmoja ulibaki!"

"Mumoja. Endelea."

Basi niliendelea hivyo, kwa kupiga kelele, na kila sentensi iliyovaa koti ilivuliwa hapo hapo, kwa sababu koti halipiti kwenye sikio lile. Isay amebeba sufuria. Amefika kwenye mti. Amesema hodi. Jitu limenyamaza. Mama mmoja aliyekuwa anapita na bidoni, dumu la maji, alisimama barabarani.

"We kijana, juu ya nini unamugombeza Masera?"

"Simugombeze, mama. Namusomea hadizi."

"Hadizi gani ya makelele hivi?"

"Ya jitu."

Aliweka bidoni chini, akaikalia. Furaha akatoka kwenye turubai lao na bibi yake. Watoto wakaja. Papa akaegemea jembe.

Nikapiga kelele kwamba Isay aliweka sufuria chini, akakaa juu yake. Kwamba mvua ilinyesha ikakatika. Kwamba mwishowe sauti ilitoka juu, ikauliza: Mbona hupiti? Na Isay akasema: Hujanijibu. Na jitu, ambalo tangu mti ule uote lilikuwa linakatwa na kukimbiwa bila kuulizwa neno, likasogeza miguu yake. Likasema: Pita kando, usikanyage miche yangu. Isay akapita. Akafika ufukweni, sufuria zikapigwa, nyoka aliyekuwa ameshaumeza mwezi ule mmoja akautapika, na nuru ikarudi mpaka juu ya mti.

Hapo sikuwa na zaidi. Koo lilikuwa linawaka.

Furaha alitangulia. "Kumbe Mwandishi anajua kumaliza," akasema. Mama wa bidoni aliuliza kama jitu lilikuwa na mke.

Masera hakusifu. Alifikiri, sikio bado limeinamishwa kwangu.

"Na jitu," akauliza, "iliendelea kuvuta tumbako yake?"

"Iliendelea!"

"Bien," akasema. "Nimesikia."

Kisha akaniambia nimpelekee bibi unga, kwani nimeuacha kwenye ukingo, na akarudi kuongea na papa, mmoja anapiga kelele na mwingine anatikisa kichwa. Kesho yake alivuka mpaka.

Kitabu kimekwisha. Tunakisoma Lac Vert Jumamosi, kwa sauti, na wengine wamenakili. Bado ninafuta sana, bado ninaumwa tumbo kwa sababu ya nukta. Ila ukurasa wa tatu siugusi tena, na maji ya moto siyamwagi nje kabla ya kuomba njia.